Jina la Sindano

Picha ya mwanangu ilinifikia kabla ya habari zake.

Nilikuwa dukani kwangu Mfaranyaki, hapa Songea, kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, namtolea kopi za vyeti mwalimu mmoja mstaafu. Jirani yangu anayeuza vitenge akaingia bila hodi, kama kawaida yake, simu ameinyoosha mbele.

"Hebu tazama. Huyu si wa kwako?"

Nikatazama. Mtoto wa kike wa miaka miwili, amelazwa kwenye kitanda cha hospitali, uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Pembeni kuna mkono wa mtu mzima uliovaa glovu, unamgeuza kidevu ili aonekane vizuri. Uso sikuutambua. Nilitambua hereni, kwa sababu nilimvalisha mimi. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: "Wenzangu, mmeshawahi kuona hii? Sindano tu. Ila kapona."

"Umeitoa wapi?"

"Wifi yangu wa Ruhuwiko kairusha kwenye kundi letu la kwaya. Yeye sijui kaipata kwa nani. Mimi nikasema, mbona kama yule."

Mwalimu mstaafu akazichukua kopi zake, akaweka hela mezani, akaondoka bila kusubiri chenji. Nadhani aliona uso wangu.

Mtoto alikuwa Tunduru kwa mama mkwe wangu, amepelekwa kuachishwa ziwa. Ndivyo tunavyofanya wengi. Mtoto anakwenda kwa bibi yake mwezi mmoja au miwili, analishwa uji wa bibi, analala mgongoni kwa bibi, akirudi ziwa ameshalisahau. Mama unabaki mjini umejifunga kanga kifuani, maziwa yanauma, unajikaza. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hatujambo, alhamdulillahi. Mtoto anakula, anacheza."

"Mama, mtoto kavimba uso."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona picha."

"Picha! Picha kapiga nani? Mimi simu yangu hii ya tochi."

Ndipo akanieleza. Mtoto alishikwa na homa juzi yake, akampeleka kituo cha afya. Wakamchoma sindano, akavimba, akawa anavuta pumzi kwa shida. Wakamchoma nyingine, akapungua. Mungu mkubwa. Hakutaka kunisumbua. Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi, na keshokutwa nilirudi na mwanangu. Ziwa alikuwa amelisahau kweli.

Mambo yangekwisha hapo kama si ngiri.

Mwaka uliofuata nilimwona ana uvimbe kwenye kinena akikohoa, ukiusukuma unarudi ndani. Watu walinicheka. "Ngiri ya mtoto wa kike? Wewe umeipata wapi?" Jirani wa vitenge akasema labda nimemlisha chakula cha wanaume. Daktari wa hospitali kubwa pale mjini hakucheka. Alisema wasichana nao wanapata, ila wachache, na kwamba afanyiwe upasuaji mapema, kwa sababu utumbo ukinaswa pale itakuwa habari nyingine. Akaanza kujaza fomu.

"Ana mzio wa dawa yoyote?"

"Ndiyo."

"Dawa gani?"

"Sindano."

Akaweka kalamu chini. "Mama, sindano siyo jina la dawa."

"Najua. Lakini ndiyo jina nililopewa."

Akanieleza bila kuzungusha, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Kabla ya upasuaji kuna sindano wanayompa mtoto ili kidonda kisioze. Ikiwa ndiyo ile ile iliyomvimbisha Tunduru, safari hii anaweza kufia mezani. Zipo dawa nyingine, lakini yeye habahatishi kwa mtoto wa mtu wakati jibu limeandikwa mahali. "Niletee jina," akasema. "Jina tu. Siku ukilileta tunapanga tarehe. Na usikae sana."

Jina tu. Neno moja. Nikasema hili jambo la siku mbili.

Mama mkwe akasema daftari la matibabu limepotea. Nikatafuta namba ya kile kituo, nikapiga.

"Hatutoi taarifa za mgonjwa kwa simu," akasema dada wa mapokezi. "Ni siri ya mgonjwa."

"Mimi ni mama yake."

"Nitajuaje?"

Hapo nilimkubalia, kwa sababu ana haki. Mimi mwenyewe dukani kwangu sitoi kopi ya kitambulisho cha mtu kwa mtu mwingine, na kopi zilizoharibika nazichana nachoma, tangu siku mteja alipokuta kopi ya hati yake imefungiwa karanga. Nikamuuliza basi nifanye nini. Akasema nilete barua ya daktari. Daktari akaandika barua, nikaituma kwa basi. Jibu likaja kwa simu baada ya wiki mbili: jina hilo halipo kwenye kumbukumbu zetu.

Halipo! Sura ya mwanangu ipo kwenye simu za wanakwaya wa Ruhuwiko, jina lake halipo kituoni alikochomwa sindano. Picha ilifika Songea kwa siku mbili. Neno moja lilishindwa kufika kwa mwezi mzima. Na kila nilipomwogesha nilikuwa nashika kile kivimbe, nakisukuma ndani, nasikilizia kama kinarudi.

Sikukaa kimya, sina kipaji hicho. Nilisema mapokezi ya hospitali pale mjini, nikasema kwa mganga mfawidhi, mkuu wao, nikaenda kusema ofisi ya kata mara nne. Mara ya nne mtendaji wa kata akanikaribisha kiti kabla sijafungua mdomo.

"Mama, kuna timu ya mkoa inapita kwenye vituo. Wanaangalia kama viko tayari kupeana taarifa za wagonjwa, kwa sheria, na kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Wanataka mwakilishi wa wagonjwa anayejua kusoma fomu. Nimeandika jina lako."

"Kwa nini mimi?"

"Umemaliza kidato cha nne. Na nataka ofisi yangu ipumzike."

Nikasema sawa. Alidhani ananitania.

Tulikuwa watatu. Kiongozi wetu alikuwa muuguzi mkuu, mama wa makamo, mwembamba, asiyepandisha sauti. Wa pili afisa wa kompyuta kutoka mkoani, mwanaume mpole aliyebeba dodoso la kurasa nyingi kwenye mkoba wa zipu. Na mimi, na kalamu yangu. Dodoso lilikuwa na maswali na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Je, kituo kina utaratibu wa kulinda faragha ya mgonjwa? Ndiyo. Je, wahudumu wanajua taratibu hizo? Ndiyo. Je, kila mhudumu ana nywila yake mwenyewe? Ndiyo, ndiyo, kalamu inateleza tu.

Kituo cha kwanza nilisogea mpaka kwenye kompyuta yao. Nywila ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha plasta ya kidonda, imebandikwa kwenye ukingo wa kioo. Na jina lililofungua mfumo lilikuwa la muuguzi ambaye tangazo ukutani lilisema yuko likizo ya uzazi.

"Huyu dada ni mchapakazi," nikasema. "Amejifungua juzi na bado anaandikisha wagonjwa."

Mhudumu akacheka, kisha akaziba mdomo. Mganga mfawidhi wao hakucheka.

Ndani ya gari muuguzi mkuu akanigeukia. "Mwanangu, taratibu. Ukiwaaibisha watu watakuficha ukweli."

"Mama, mimi nilishaaibishwa. Mwanangu alianikwa."

"Najua. Ndiyo maana nataka ufaulu." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge. "Usiulize mna utaratibu. Mtu yeyote atasema ndiyo. Wewe sema, nionyeshe."

Nionyeshe. Neno hilo nililishika. Kuanzia hapo afisa akisoma swali, wao wakijibu ndiyo, mimi nasema nionyesheni. Fomu ya ridhaa? Nionyesheni. Inatolewa kopi ya zamani chini ya droo, imeliwa na mende. Kabati linafungwa? Nionyesheni ufunguo. Ufunguo anao nani? Anao fundi ujenzi. Sitasema vituo vyote vilikuwa hivyo. Kuna kimoja, upande wa Mjimwema, chumba cha kumbukumbu ni kidogo kama choo, lakini mama aliyekuwa mle alinionyesha daftari lake: jalada gani limetoka, amelichukua nani, kwa ajili gani, limerudi lini. Tukiwa pale akaingia bibi mmoja anayehamishiwa hospitali nyingine, na yule mama akaketi naye chini, akamweleza kwa Kingoni ni karatasi zipi zitakwenda kule, zipi zitabaki, na kwamba akisema hapana hakuna atakayemkasirikia. Bibi akauliza maswali matatu ndipo akaweka dole gumba. Nilitoka nje kidogo nikapenga makamasi. Kumbe inawezekana, bila kompyuta wala nini.

Siku ya mwisho tulikwenda Tunduru.

Njia nzima nilikuwa na bahasha mapajani: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho changu, barua ya daktari. Sikuwaambia wenzangu. Tulipopita Namtumbo afisa akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa moja, nikala nusu.

Mganga mfawidhi wa kile kituo alitupokea vizuri, akatupa viti vilivyofutwa. Mwanaume mnene kidogo, mwepesi wa kutabasamu. Maswali yakaenda mpaka lile nililokuwa nalisubiri.

"Mgonjwa au mzazi wake akiomba taarifa zake, anazipata?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Siku hiyo hiyo."

Nikafungua bahasha, nikapanga karatasi tatu mezani mbele yake. "Basi mimi ni mzazi. Naomba."

Afisa wa kompyuta akakohoa. "Dada, leo tumekuja kwa tathmini. Mambo binafsi labda..."

"Hii ndiyo tathmini."

Kila mtu akamtazama muuguzi mkuu. Yeye akaangalia saa yake ya mkononi, akamwambia afisa kwa sauti ile ile ya kawaida: "Andika tumeanza saa ngapi."

Wakatafuta. Kompyuta ikasema hayupo. Dada wa masjala akatoa rejista, vitabu vikubwa vya jalada gumu, akapitisha kidole kurasa za mwezi ule, mstari kwa mstari, jasho linamtoka puani. Hayupo. Akarudia mwezi wa kabla, na wa baada.

"Unaona mama," akasema mfawidhi, si kwa ubaya. "Hatukukudanganya."

Nikatoa simu, nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie kwamba mtoto alitibiwa pale.

"Shikamoo mama. Niko hapa kituoni, Tunduru. Ile siku ya sindano, mtoto ulimwandikisha jina gani?"

Sauti yake ikawa ndogo: "Uko na watu?"

Nikainua macho. Dada wa masjala ameinama kuelekea kwenye simu. Afisa ameacha kuandika. Hata mfawidhi alikuwa ametega sikio. Na mimi ndiye niliyewafungulia. Mama mzima, aliyenilelea mtoto, namweka hadharani kama walivyomweka mwanangu. Nikazima ile sauti, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo palipoanikwa mashuka ya wodi.

"Sasa niko peke yangu, mama."

"Jina langu," akasema. "Nilitaja jina langu. Si ni mimi huyo? Lile la kwenye makaratasi nani anamwita?"

Kweli. Mwanangu amerithi jina la bibi yake. Nyumbani sote tunamwita hilo, na jirani, na mtoto mwenyewe ukimuuliza atakwambia hilo. Lile la cheti aliandika baba yake siku ya kwenda kuandikisha, likabaki ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki. Na huo mfuko nilikataa kumpa mama mkwe mtoto alipokwenda, nikasema vijijini utapotea. Kwa hiyo wale wa kituoni walipomuuliza bibi, hawakuwa na karatasi ya kulinganisha. Kosa hilo ni langu, nalisema.

"Na daftari, mwanangu," akaendelea, "daftari halikupotea. Nililitia jikoni, likaungua."

"Kwa nini, mama?"

"Waliandika kwa wino mwekundu. Mimi kusoma sijui, lakini nyekundu naijua. Nikasema wameandika kosa langu. Nikasema mkwe wangu akisoma haniletei mtoto tena."

Nilishika shuka lililokuwa mbele yangu, bado bichi. Hasira nilikuwa nayo, tele, ila hapakuwa na mtu wa kumpa.

"Mama, ile nyekundu ilikuwa jina la dawa. Walikuwa wanamlinda."

"Hawakunisomea," akasema. "Wangenisomea ningeishika kichwani. Mimi nashika kichwani mambo mengi."

Nikarudi ndani, nikataja jina la bibi. Dada wa masjala hakumaliza hata ukurasa. Alikuwa pale: mtoto wa kike, miaka miwili, homa na kifua, na mbele yake kwa wino mwekundu: ceftriaxone, amevimba, asipewe tena. Maandishi mazuri kabisa. Aliyeandika alifanya kazi yake.

Mfawidhi alifurahi kweli, kama amempata mtoto mwenyewe. Akatoa simu yake, akainyoosha juu ya rejista. "Nikupigie picha dada, nakutumia sasa hivi."

"Hapana."

Akanitazama.

"Huo ukurasa una watu wengine. Huyu wa juu yake, huyu wa chini, majina yao na magonjwa yao. Mimi tayari nimeshaona ugonjwa wa mmoja na sikutaka kuuona. Ukipiga hapo unawabeba wote. Na ile picha ya kwanza ilitoka hivi hivi."

Akarudisha simu mfukoni taratibu.

"Ile picha ilipigwa hapa," akasema. "Nilimkemea aliyepiga. Alitaka kuwauliza wenzake ushauri. Sikujua kama ilifika Songea."

"Ilifika Ruhuwiko, kwenye kwaya."

"Samahani sana, mama."

"Niandikie," nikasema. "Samahani nitaipokea ukishaniandikia."

Akaandika kwa mkono wake: jina la cheti, jina aliloandikishwa, dawa, kilichotokea, tarehe. Akapiga mhuri, akaitia kwenye bahasha, akaifunga. Kisha muuguzi mkuu akamwomba daftari tupu, akachora mistari na rula, kama yule mama wa Mjimwema: nani kapewa, nini, kwa ajili gani, kwa ridhaa ya nani. Nikasaini mstari wa kwanza.

Afisa akaangalia saa. "Siku hiyo hiyo," akasema, anatabasamu. Kalamu yake ikaelea juu ya kisanduku. "Tuweke Ndiyo?"

"Weka Hapana."

"Lakini umepata, dada!"

"Nimepata kwa sababu nimekuja na gari la mkoa na ninyi wawili. Mama mwingine atakuja kwa miguu, peke yake, kambeba mtoto. Mama huyo alipoleta barua, na mama huyo nilikuwa mimi, mlimwambia mtoto hayupo. Hakuna aliyemuuliza, je, bibi anamwitaje."

Muuguzi mkuu akasema, "Andika Hapana. Na pale pa maoni andika kwamba leo wameanza daftari, na kwamba wanapoandikisha mtoto waulize majina yote mawili. Tutarudi kuliangalia." Kisha akanigeukia: "Sasa ipokee samahani yake."

Nikaipokea. Nilikuwa nimeahidi.

Upasuaji ulipangwa Jumanne. Mama mkwe alikuja kutoka Tunduru Jumapili na kuku mmoja na kilemba kipya, na wiki nzima kabla ya hapo tulikuwa tunapigiana simu jioni, mimi nasema, yeye anarudia, tunacheka. Asubuhi ile tukawa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mtoto amevalishwa gauni la kijani linalomburuza, anamwuliza bibi yake kama ndani kuna uji.

Jirani wa vitenge alikuwa ameniambia nimpigie picha akitoka, wamwone wanakwaya, wamwombee. Nilimwambia waombee bila picha.

Muuguzi akatoka na jalada. "Mama wa mtoto? Kuna dawa yoyote mtoto hapatani nayo?"

Nikavuta pumzi nijibu. Mama mkwe akaniwahi, akasimama kabisa, mikono ameikunja mbele kama yuko mbele ya hakimu.

"Seftriaksoni," akasema. Akarudia polepole, silabi kwa silabi, asije muuguzi akakosea. "Msimchome hiyo. Na jina lake la kwenye karatasi ni hilo uliloshika hapo, lakini ukitaka aitike, mwite kwa jina langu." Akalitaja.

Muuguzi akaandika. Mama mkwe akasogea, akachungulia jalada juu ya mkono wake.

"Mbona umeandika kwa bluu?"

Muuguzi akamtazama, akanitazama mimi. Akaingia ndani, akarudi na kalamu nyingine, akaandika tena juu ya jalada, kwa herufi kubwa, nyekundu.

"Haya," akasema mama mkwe, akamwachia mtoto mkono. "Mchukue."